Mbwa Anayetweta Hanusi

Swali: Daktari, nina miaka 54. Nimeendesha baiskeli za mashindano kwa muda mrefu, mpaka goti la kulia liliponiambia basi. Sasa nataka maisha ya taratibu nje: baiskeli, mbwa wangu wawili, chupa ya chai, na saa ibaki nyumbani. Risasi ana miaka mitatu, kilo 24, miguu mirefu. Simba ana miaka kumi na mmoja, na nyonga zake zimekaza. Jumapili iliyopita nilitoka na Risasi akanifuata kilomita 12 bila shida yoyote. Jioni akaanza kuchechemea na kulamba nyayo. Simba alibaki getini analia, nikajiona mkatili. Nifanyeje ili tutoke wote watatu? Na mwendo wa polepole ni upi hasa?

Jibu:

Dada yangu, nianze na nyayo maana ndizo zinazouma leo. Mlaze Risasi ubavu, uziangalie moja moja mchana, kwenye mwanga wa kutosha. Ile ngozi nene ya chini ikiwa imelainika na kung'aa, au imechubuka ikaacha sehemu ya pinki, basi imelika. Ioshe kwa maji safi, ikaushe, usimruhusu kuilamba, na umpumzishe mpaka ngozi ijifunge. Angalia pia katikati ya vidole, miiba hupenda kujificha huko. Akichechemea zaidi ya siku mbili, au akikataa kabisa kukanyaga chini, mpeleke kwa daktari wa wanyama. Na tafadhali usimpe dawa ya maumivu kutoka kwenye kabati lako. Ibuprofen inayokutuliza wewe goti inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Sasa nikushike kwenye neno lako mwenyewe: "akanifuata bila shida yoyote." Hilo ndilo neno linalonitisha kila ninapolisikia, na nalisikia mara nyingi. Mbwa hakufuati kwa sababu hana shida. Anakufuata kwa sababu unaondoka. Ukiongeza mwendo ataongeza, ukiendelea ataendelea, na nyayo zikianza kulika atazikanyagia hivyo hivyo, kwa kuwa kwake kuachwa nyuma ni kubaya kuliko kuumia. Moyo na mapafu ya mbwa kijana huzoea kazi upesi. Ngozi ya nyayo, kano na viungo huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana Risasi alionekana mzima kilomita zote 12, kisha jioni mwili ukaleta hesabu yake.

Lakini swali lako kubwa ni la mwendo, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine huona nimeuvuta mno. Wengi huuliza mbwa anaweza kukimbia kasi gani kando ya baiskeli. Mimi nauliza: kwa kasi hiyo, pua yake bado inafanya kazi?

Mbwa hana namna ya kutoa joto kama sisi. Jasho lake ni kidogo tu, nalo hutoka kwenye nyayo. Joto lake hulitoa kwa kutweta: anafungua mdomo, anapitisha hewa haraka haraka juu ya ulimi na koo lenye unyevu, na unyevu ukikauka unaondoka na joto. Kunusa ni kazi nyingine kabisa. Anapochunguza harufu hufunga mdomo na kuvuta hewa kwa pua kwa mikupuo mifupi, kama mara tano kwa sekunde, na hewa ya kutoka huipitisha kwenye vipasuo vya pembeni vya pua ili isifukuze harufu mpya inayoingia. Kazi hizi mbili haziendi pamoja. Mbwa anayetweta kwa nguvu hanusi, au ananusa vibaya sana. Kwa hiyo ukimkimbiza kilomita 12 umemtoa nje ya nyumba, ni kweli, lakini umempitisha humo kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Sisi pua zetu zina seli za kunusia milioni chache, yeye ana mamia ya mamilioni. Nje kwake ni harufu kwanza, mandhari baadaye.

Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha jaribio dogo ninalolipenda. Mbwa wa nyumbani walifundishwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja lina chakula, na upande mwingine ni tupu. Kisha bakuli likawekwa katikati, mahali pasipoeleweka, wakapimwa wanalikimbilia upesi kiasi gani. Kwa wiki mbili kundi moja likafanya mazoezi ya kutafuta kwa pua na kundi la pili mazoezi ya kutembea sambamba na mwenye mbwa. Walipopimwa tena, wale wa pua walilikaribia bakuli la katikati upesi zaidi kuliko mwanzo, kana kwamba wanatarajia mema. Wa kundi la pili hawakubadilika. Ni mbwa wachache na jaribio moja, sitaki ulichukue kama amri. Ila linalingana na ninachokiona kila wiki: mbwa aliyenusa nusu saa hurudi nyumbani akalala, aliyekimbizwa nusu saa hurudi akizunguka chumba.

Basi mwendo wa polepole ni huu: mchakamchaka wa mbwa, wala si wa baiskeli. Tazama miguu yake. Katika mchakamchaka mguu wa mbele wa kulia huenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha kinyume chake, na mgongo unatulia. Akianza kwenda shoti, mgongo ukawa unajikunja na kujinyoosha, umeshampita: shika breki. Kwa mbwa wa miguu mirefu kama wako mchakamchaka mzuri huangukia kati ya kilomita 10 na 13 kwa saa. Kwako wewe uliyezoea mashindano itaonekana kama umesimama. Vumilia. Mdomo wa Risasi ukiwa umefunguka kidogo tu, na akawa anageuza pua kando kando akipita vichaka, mko sawa.

Na hata mchakamchaka usiwe wa mfululizo. Kila dakika tano hadi kumi simama, shuka, mlegezee kamba, umwambie neno lenu la ruhusa (mimi husema "haya, soma") na umwache anuse mpaka amalize mwenyewe. Usimvute. Mwanzoni utahisi unapoteza muda. Mimi ilinichukua miezi kadhaa kuacha kuangalia saa mbwa wangu aliponing'ang'ania kwenye nguzo moja, na nilikuwa najua sababu zote za kitabibu za kumwachia.

Nyayo za Risasi zikishapona, anza upya kana kwamba Jumapili ile haikuwepo. Kilomita moja na nusu au mbili, njia ya udongo au nyasi, mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Zikipita wiki mbili bila kuchechemea wala kulamba, ongeza kidogo. Barabara ngumu mpe kwa vipande vifupi tu, maana lami na zege huzila nyayo kama msasa. Kipimo chako kisiwe namna anavyoonekana mkirudi. Kipimo ni kesho yake asubuhi: anaamkaje, hatua kumi za kwanza zikoje. Akiamka amekakamaa, jana ilizidi, hata kama jana yenyewe alikuwa anarukaruka. Kwa wasomaji wengine wenye watoto wa mbwa, subirini. Mifupa ya mbwa wadogo kwa umbo hukomaa karibu na mwaka mmoja, ya wakubwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na kabla ya hapo kukimbia kando ya baiskeli ni kuvidhulumu viungo. Wenye mbwa wa pua bapa kama bulldog na pug wasahau kabisa habari ya kuwakimbiza. Hao kupumua kwenyewe tayari ni kazi.

Hujaniambia ulimfunga vipi, nami naogopa kuuliza. Miaka mingi iliyopita nilifunga kamba ya mbwa kwenye usukani, nikiwa na shahada yangu na kila kitu. Paka alikatiza. Usukani ukageuka kabla sijawaza neno breki, nikavunjika mtulinga. Kamba isifungwe kwenye usukani, wala isizungushwe mkononi. Inatakiwa itoke chini, kwenye bomba la kiti au fremu karibu na ekseli ya nyuma, kupitia mkono wa chuma wenye springi unaouzwa kwa kazi hiyo. Mvuto ukitokea chini na katikati baiskeli huyumba kidogo tu. Ukitokea juu na mbele, unaanguka. Upande wa mbwa uwe ule usiopita magari. Na avae mkanda wa kifuani uliokaa kama herufi Y, unaoacha mabega yasogee na usiogusa koo. Mkanda wa shingoni ubaki na kazi ya kubeba namba ya simu.

Kabla ya hayo yote mfundishe kwa miguu. Siku chache za kwanza sukuma tu baiskeli ukitembea, mbwa upande wake, ili azoee mlio wa mnyororo na kivuli cha gurudumu. Mfundishe maneno manne, yasiyofanana kwa sauti: la kushoto, la kulia, la kupunguza, la kusimama. La kusimama ndilo muhimu kuliko yote na ndilo watu hulifundisha mwisho. Liseme, simama wewe mwenyewe, mpe kitu kidogo cha kula, rudia mpaka neno lifanye kazi kabla ya breki. Hapo ndipo uipande baiskeli.

Kuhusu joto nitakuwa mkali. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika, na katika mazoezi linaweza kufika huko upesi. Kwa kuwa anapoa kwa unyevu kukauka, siku yenye unyevunyevu mwingi hewani ni mbaya hata kama jua si kali, na hilo watu hawalitarajii. Toka alfajiri au jua likishazama. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani sekunde saba. Ukishindwa kuuacha, nyayo zake nazo hazina kazi hapo. Mpe maji kidogo kidogo kila kituo badala ya bakuli zima mwishoni. Mlo mkubwa mpe saa mbili kabla au baada, hasa mbwa wakubwa wa kifua kirefu, ambao tumbo lao linaweza kujaa gesi na kujipinda, nalo hilo huua kwa saa chache.

Ukiona ulimi umetanuka na kuwa mpana nchani, ufizi umekuwa mwekundu sana, mate mazito, anapepesuka au anatapika, safari imeisha papo hapo. Kivulini, mmwagie maji mwili mzima, uliyo nayo yoyote yaliyo baridi kuliko yeye, na umpepee. Endelea kummwagia, kisha mpeleke kwa daktari. Mpangilio ni huo: kumpoza kwanza, safari ya hospitali baadaye. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake. Likishapata joto linageuka blanketi.

Tuje kwa Simba, maana nadhani ndiye aliyekufanya uandike.

Miaka kumi na mmoja na nyonga zilizokaza si sababu ya kubaki getini. Ni sababu ya kubebwa sehemu ya njia. Mnunulie tela la mbwa, la magurudumu mawili, lililo chini, lenye mlango wa nyuma anaoweza kuupanda bila kuruka. Kapu la mbele au la kwenye keria linafaa mbwa wadogo tu. Kilo za Simba zikikaa juu zitakuangusha. Angalia uzito ambao tela limeandikiwa, hesabu na maji na blanketi, usikaribie mwisho wake. Hewa ipite mbele na nyuma, na paa limpe kivuli. Tela lililofungwa pande zote juani ni tanuri.

Usimtie humo siku ya safari ukaondoka. Liweke sebuleni, mlango wazi, na lile blanketi lake lenye harufu yake. Mpe chakula humo. Akianza kwenda kulala humo bila kuitwa, lisukume kwa mkono hatua chache ndani ya uwanja. Kisha lifunge kwenye baiskeli, uende umbali wa kutupa jiwe, urudi. Wengi huelewa ndani ya wiki moja au mbili. Ndani ya tela mfunge kwa kamba fupi inayoshika mkanda wa kifuani, isimtoshe kuruka nje. Wewe nawe jifunze upya: kwenye kona gurudumu la ndani la tela hukata njia fupi kuliko lako, kwa hiyo panua kona, na kwenye mteremko uzito huo unakusukuma, shika breki mapema na kidogo kidogo.

Mkifika mahali penye udongo laini, mteremshe. Kwanza asimame dakika moja ajinyooshe. Halafu atembee dakika kumi au kumi na tano kwa mwendo wake yeye, mwendo wa mzee anayesoma mabango yote, wewe ukisukuma baiskeli. Mara nyingi macho na masikio ya mbwa huanza kufifia pua ikiwa bado nzima, kwa hiyo hapo utamwona Simba wa zamani kwa muda kidogo. Akianza kubaki nyuma au kukaa chini, amekwambia. Arudi kwenye tela. Vipande vifupi vya mara kwa mara vinamfaa nyonga zake kuliko matembezi marefu ya Jumapili moja. Na kabla ya yote apimwe nyonga na moyo. Kuna dawa nzuri za maumivu ya viungo vya mbwa wazee, na wengi huzikosa kwa kuwa wenye mbwa husema "ni uzee tu".

Kwa miezi miwili ya kwanza usiwatoe kwa mtindo wa Risasi amefungwa pembeni na Simba yuko nyuma ndani ya tela. Najua ndiyo picha uliyo nayo kichwani. Lakini ni kazi mbili mpya kwa pamoja, na siku Risasi atakapomwona paka, mtakaoanguka ni watatu. Kila mmoja azoee kivyake. Mkija kuunganisha, Risasi awe tayari anasimama kwa neno moja.

Baiskeli yako ya mashindano iache ukutani. Unataka usukani ulio juu, mgongo uliosimama, gia nyepesi sana, breki zisizotetereka na tairi pana, milimita 40 hadi 50, zenye upepo kiasi tu. Kwa goti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Kanyaga gia nyepesi kwa mizunguko mingi badala ya nzito kwa mizunguko michache. Nikikaa kwenye tairi hizo pana hupenda kukumbuka kwamba John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la upepo mwaka 1887 huko Belfast na kulisajili mwaka uliofuata, alikuwa daktari wa wanyama, na kwamba alilitengeneza ili baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu isimtikise. Haki yake ya kusajili ilikuja kufutwa, kwani Robert William Thomson alikuwa amesajili wazo lilelile miaka ya 1840. Hata hivyo mimi huhesabu kwamba fani yetu imechangia.

Mkirudi, kabla hujavua viatu, pitisha vidole kwenye masikio ya mbwa, makwapani, chini ya mkia na kati ya vidole ukitafuta kupe, kisha angalia nyayo. Ni dakika tatu.

Jumapili hii Risasi abaki nyumbani, nyayo zake hazijapona, mwachie mfupa. Tela bado huna, basi usihangaike nalo. Sukuma baiskeli kwa mkono, chupa ya chai kwenye kapu, mpaka pale njia ya udongo inapoanza, utoke na Simba peke yake.